Re: Kitwitwi wa Lutembe mwenye kifua cha michirizi

Ndugu, umeuliza kama yule ndege uliyempiga picha Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria nchini Uganda, ni Calidris melanotos, kitwitwi mgeni adimu, au ni Calidris pugnax, kitwitwi mwingine tuliyemzoea. Mtazame kifuani, tena subiri ainue shingo. Melanotos ana michirizi ya kahawia iliyobanana, inashuka kisha inakatika ghafla kama imekatwa kwa wembe, na chini yake tumbo jeupe safi. Picha yako ya pili inauonyesha mkato huo, na moyo umenidunda! Pugnax rangi yake ya kifua hufifia polepole hadi tumboni. Miguu isikushughulishe, wote wawili wanaweza kuwa na ya manjano, na matope hudanganya. Tafadhali rudi kesho alfajiri, umpige picha akiwa amekugeuzia ubavu.