Faili ya kitabu cha karatasi haitoshi kwa kitabu cha kusomea kwenye simu

Dada, umeuliza kama faili ile ile ya PDF uliyompa mpiga chapa waweza kuwauzia wasomao kwenye simu. La, usiiuze vile vile. Kurasa zake zimefungwa kwa kipimo kimoja: ukurasa wa A5, kwa mfano, ni milimita 148 kwa 210, kwa hivyo msomaji wa simu itabidi auvute ukurasa kwa vidole huku na huku kila mstari. Tengeneza EPUB, yaani faili ya kitabu cha kielektroniki, ambayo maandishi hujipanga yenyewe kufuata kioo na ukubwa wa herufi autakao msomaji. Nambari za kurasa kwenye yaliyomo ziondoe, weka viungo vya kubofya.

Mimi hupangia watu vitabu hapa Mombasa. Kinachowaponza wengi ni kusogeza mistari kwa kubonyeza nafasi tupu mara kumi kumi. Kwenye karatasi yapendeza, kwenye EPUB shairi lote huvurugika, mizani na vina kila kimoja upande wake. Tumia mitindo ya aya iliyomo ndani ya Word.

ISBN, ile nambari ya kukitambulisha kitabu, pia ni mbili, cha karatasi na yake, EPUB na yake; waombe KNLS, shirika la maktaba za taifa la Kenya. Ila kitabu cha watoto chenye picha ukurasa mzima, hicho kifungie kurasa hata kwenye EPUB.