Kuchora ukutani na watoto msioelewana lugha: ninavyofanya Eastleigh

Nikimwambia mtu kwamba Jumamosi huwa na watoto Eastleigh, mtaa wa Nairobi, tukichora grafiti, jibu ni lile lile: "Hapo uko sawa, sanaa haihitaji lugha." Inahitaji, tena sana. Ukiwa na kundi la watoto na ndoo za rangi mbichi, kuna maneno ambayo kila mmoja lazima ayashike: subiri, zamu yako, usiguse, basi. Yafundishe kabla hujafungua kopo hata moja, kwa sauti na kwa mkono, na umwombe mtoto mkubwa wa kila lugha akupe ya kwao uyaandike kwenye daftari lako.

Kundi letu lina Wasomali, Waoromo, Waeritrea, watoto wachache kutoka Kongo, na wenyeji wanaoporomosha Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, mpaka mimi mwenyewe naachwa nyuma. Wakongo ndio wanaokupoteza zaidi, kwa sababu wana Kiswahili chao, si hiki cha kwetu, na adabu ya nyumbani inawataka waitikie mkubwa hata wasipoelewa. Mtoto akisema "ndiyo, mwalimu", usitosheke. Mpe brashi kavu akuonyeshe atakachofanya.

Sasa, wengi huanza na historia ya grafiti. Mimi naanza na matatu, magari ya abiria. Tunasimama mahali salama kando ya barabara na kutazama nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro, zikipita. Mtoto awe amezaliwa Pumwani au ameingia mjini mwezi jana, tayari ana gari analolipenda na lile analolidharau, na atakuonyesha kwa kidole bila kuombwa. Kila mmoja ana karatasi na penseli, anachukua kitu kimoja tu: herufi iliyopinda, mshale, miali ya moto, nusu ya uso wa mwanamuziki.

Baada ya dakika chache huanza kunong'onezana kuhusu ule mstari wa njano. Uko karibu kwenye kila gari, hata yenye mbwembwe nyingi, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zililazimisha matatu zote kuwa nao. Tukirudi ukumbini naweka karatasi kubwa sakafuni, napiga mstari wa njano katikati, kisha nachora kuuzunguka bila kuufunika. Sisemi neno. Wanaelewa kwamba wako huru kila mahali isipokuwa pale, na mchezo huo hufaulu hata kwa mtoto wa siku ya kwanza. Baadaye, tukiwa ukutani, nikizungushia sehemu selotepu ya karatasi, hakuna anayeniuliza kwa nini.

Kinachofuata ni majina. Zungumza na wazazi mapema, kwani baadhi ya familia za Kiislamu hazipendi watoto wachore viumbe hai, na si vizuri mtoto akajua hilo akiwa ameshamaliza kuchora simba. Majina hayamsumbui mtu, tena ndiyo asili ya grafiti yenyewe. Mtoto wa Kieritrea ataandika lake kwa herufi za Kigeez, mwingine kwa Kiarabu alichojifunza madrasa. Wasomali wengi huandika kwa herufi za Kilatini, ambazo zilifanywa rasmi kwao mwaka 1972. Wape chaki na saruji ya uani. Kisha kila mmoja amchoree jirani yake jina lake, likiwa nene, lenye kivuli. Hapo lazima waulizane: huu mkia unaishia wapi, hii nukta inakaa juu au chini? Mazungumzo hayo huwezi kuyaandaa, na mimi huwa nakaa pembeni.

Ila kuna jambo la mtaani. Herufi ya X katika Kisomali ni ya kawaida kabisa, na binti mmoja ambaye jina lake linaanza nayo aliipaka nyekundu, ndefu kama yeye mwenyewe. Mlinzi wa jengo la jirani alikuja mbio kuuliza nani amesema panabomolewa! Mnajua wenyewe X nyekundu ukutani ina maana gani Nairobi. Tuliiongezea mistari ya samawati na vitone vyeupe, mzee akarudi kwenye kiti chake.

Vile vitone ni kazi ya wasichana wakubwa wanaopaka hina. Ukiwa nao kundini, wakabidhi kazi ya mapambo na wewe uwe mwanafunzi. Mkono uliozoea kupiga ua la hina bila kufuta unaweza kupiga mstari ukutani vizuri kuliko wangu.

Kuhusu vifaa sitachelewa. Rangi ya maji, sponji zilizokatwa vipande, brashi za bei nafuu, matambara, maji. Rangi ya kupuliza si ya watoto wadogo. Wakubwa waitumie nje tu, wakiwa na barakoa ya kuzuia mvuke, si kitambaa. Violezo (stensili) kata wewe mwenyewe kutoka kwenye katoni ngumu, na kwenye herufi kama O acha vijidaraja viwili, la sivyo kitovu chake kitaanguka. Sponji ikamuliwe mpaka karibu ikauke, igongwegongwe taratibu. Ikilowa, rangi inapenya chini ya katoni na mtoto ananuna.

Watu huniuliza kuhusu Keith Haring, yule Mmarekani aliyechora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika nafasi tupu za matangazo katika treni za chini ya ardhi za New York. Vibonzo vyake visivyo na nyuso vinafaa sana kwa kundi kama hili, na picha zake nazionyesha. Mwaka 1989 kule Chicago alipiga mistari meusi ya mchoro mrefu, mamia ya wanafunzi wakajaza rangi. Njia hiyo hutuliza fujo, lakini mimi siipendi sana, maana mwisho wa siku mtoto anakuwa amepaka mchoro wako. Nampa kila mmoja mraba wake, halafu tunaunganisha miraba kwa mistari ya wale wa hina.

Wa hapa kwetu namchukua Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, aliyejaza maandishi ya amani Kibera wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Picha naonyesha, habari ya ghasia siigusi mpaka kuwe na mtu mzima wa kutafsiri. Baadhi ya hawa watoto wamekimbia vita.

Ukuta uwe na ruhusa ya mwenyewe, kwa maandishi, ukiwa umemwonyesha rasimu. Ruhusa ya keateka, mtunza jengo, haitoshi. Epuka mwezi wa nne kwa sababu ya mvua, na paka andakoti, rangi ya msingi, siku moja kabla. Kila rangi ibakize kidogo kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu mabango ya mikutano na ya waganga yatabandikwa juu ya kazi yenu kabla ya mwezi kuisha.