Nilichekwa kwenye kikoba, sasa naogopa hata kwenda

SWALI: Shikamoo dada. Nauza viazi hapa Mwanjelwa na ni katibu wa kikoba chetu. Juzijuzi nilisoma mahesabu vibaya watu wakacheka, tangu hapo nikiwaza kikao moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, siku hizi natuma tu hela ya hisa kwa simu. Shoga yangu anasema niende kwa mshauri nasaha. Sasa kuongea tu kunaondoaje woga?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Sio kuongea tu, ni kubishana, yaani mshauri anakusaidia ubishane na yale unayojiambia moyoni. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba ya namna hii mwaka 1955, alikuwa anafundisha kwamba tukio peke yake halikuletei hisia, katikati kuna imani, yaani yale unayojiambia kuhusu hilo tukio. Wewe unaona kicheko ndo kinakutetemesha, lakini hapo kikobani si wapo wanaochekwa na wiki inayofuata wamerudi? Nahisi unajiambia "lazima nisikosee mbele za watu, nikikosea basi mi sifai kabisa". Hiyo lazima ndo ya kuibana maswali. Nani kaiweka? Kama wanakudharau mbona hawajakutoa ukatibu? Mwenzako akikosea kujumlisha utasema hafai? Halafu jiambie "ningependa nisome vizuri, nikikosea nitaona aibu, nitasahihisha, tutaendelea".

Usitegemee utatoka hapo una furaha, wengi wanadhani tiba hii ni kujidanganya kwamba mambo yote poa, hapana jamani. Kuchekwa kutauma tu, ila ile hofu ya kukufungia ndani inashuka inakuwa wasiwasi wa kawaida, ule wa kukufanya urudie kupitia daftari usiku kabla ya kikao, na huo mi naona ni mzuri kwa katibu.

Na maneno matupu hayatoshi, inabidi ujaribu. Ellis mwenyewe akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa mno wanawake, akawa anaenda bustani ya mimea kule Bronx, New York, anajilazimisha kuwaongelesha asiowajua, akakataliwa weee lakini hakuna baya lililompata na woga ukapungua. Kwa hiyo kikao kijacho nenda, soma hata ukurasa mmoja, sauti ikitetemeka iache itetemeke.

Ila ukiona moyo unaenda mbio hata ukiwa sokoni, au usingizi umekata kabisa, nenda hospitali ya rufaa hapo Mbeya uulizie huduma ya afya ya akili, usisubiri.