Fokasi na urefu wa fokasi: sikio kali, jicho lina ukungu

Mkuu, umeuliza: "Nikishavuta lenzi hadi 85 mm, nafokasi nini tena?" Na picha zako za sura zinatoka na sikio kali huku jicho lina ukungu. Nimepita hapo hapo. Mimi mwanzoni nilidhani ile 50 iliyoandikwa kwenye lenzi ni umbali wa kusimama, kwa hiyo usione haya.

Pete ya kuvuta inabadili urefu wa fokasi, yaani eneo gani la mandhari linaingia kwenye fremu. Kwenye sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha) ya 36 × 24 mm, lenzi ya 24 mm inaona nyuzi kama 84 kutoka kona hadi kona, 50 mm inaona kama 47, na 200 mm kama 12 tu. (Sensa yako ikiwa ndogo, ya APS-C, 50 mm itabana kama 75 mm hivi.) Fokasi ni kazi nyingine kabisa: vioo vya ndani vinasogezwa ili kitu kilicho umbali fulani kitue kikali kwenye sensa. Umbali mmoja tu. Vilivyo mbele na nyuma yake vinafifia polepole, na hicho kipande tunachokiona kuwa kikali ndicho kinachokutesa.

Nilipiga sura kwa 85 mm, tundu la lenzi f/1.8, nikiwa mita 2 hivi. Hapo kipande kikali kina unene wa sentimita 6 tu. Kwa 35 mm, tundu lile lile na umbali ule ule, ungepata kama sentimita 35. Nilifokasi jicho kwa nukta ya katikati (alama inayoiambia kamera ifokasi wapi), nikashikilia kitufe cha kupigia nusu, nikaigeuza kamera kupanga fremu, na bila kujua nikayumba kidogo mbele. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilipendeza sana. Kwenye kompyuta, nywele za sikioni ungeweza kuzihesabu, jicho halipo.

Siku hizi nahamisha nukta yenyewe hadi kwenye jicho lililo karibu nami, nabana tundu hadi f/4 (namba ikikua, tundu hupungua) ili kipande kikali kinenepe, napiga tatu nne mfululizo. Na ukivuta lenzi baada ya kufokasi, fokasi upya. Kwenye lenzi nyingi fokasi huhama ukivuta.

Kuhusu pua kuonekana kubwa kwa 24 mm, wengi wanailaumu lenzi. Si yake, ni wewe umesogea karibu mno. Simama pale pale, piga kwa 24 na kwa 85, kisha ikate ile ya 24 ilingane na nyingine: pua ni ile ile.

Kabla hujauza lenzi, iweke kamera kwenye stendi na umpige mtu aliyekaa bila kutikisika. Jicho likitoka kali, tatizo ni kuyumba kwako. Likiendelea kufifia wakati nukta ilikuwa juu yake, hapo ndipo uipeleke kwa fundi.