Kabla hujailipia pikapu ya zamani, tafuta palipokatwa

Jamaa hunichukua niwatazamie pikapu wanazotaka kununua, hasa Datsun na Hilux za miaka ya 1970 ambazo bado unazikuta Unguja na Pemba. Muuzaji hakosi kusema: "Hii orijino, haijaguswa." Mimi pikapu ya umri huo isiyopita kwa fundi bodi sijaiona. Na wala si aibu. Gari imebeba mchanga, karafuu na watu, na hewa ya chumvi inaila usiku na mchana, itabakije kama ilivyotoka Japani? La kujua ni kipi kilichobadilishwa, na kilibadilishwa ili kifanye kazi au ili kufichwe kitu.

Anzia ubavuni. Datsun 620, iliyotoka mwaka 1972, ina mkunjo wa bati unaoanzia madigadi ya mbele, unapita mlangoni na kuendelea nyuma. Chutama uufuate kwa jicho. Ukipotea au ukizama, hapo pamegongwa nyundo. Mlango wa nyuma nao utazame: herufi za jina la gari kiwandani hupigwa ndani ya bati lenyewe. Ukikuta bati tupu lenye jina la rangi, huo umeundwa mtaani.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hukuonesha ilipo puti, yaani ule ujiuji mgumu wa kuzibia mabonde ya bati, maana hapo haishiki. Ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, maji yanapotuama. Lakini usiiamini peke yake, kwani kiraka cha bati huishika vizuri tu. Tia mkono upande wa ndani. Maungio ya kiwandani ni vidoa vya mviringo vilivyopangana sawasawa. Fundi wetu wa gesi huacha mshono wenye mawimbi. Kisha vuta mpira wa mlango: rangi ya kwanza mara nyingi ingalipo chini yake.

Pikapu nyingine zilikuwa chai maharage, yaani gari za abiria zenye mabenchi na paa la mbao, na hizo nazipenda. Hata mabenchi yakishang'olewa, matundu ya boliti hubaki sakafuni na kingoni, na springi za nyuma huwa zimeongezwa mapande, mkia umenyanyuka. Kama paa na ubavu wa mbao bado upo na mbao nzima, mimi singeuvunja. Ni kazi ya maseremala wetu, na kuuunda upya leo ni ghali. Ulizia kwa mafundi wa zamani wa mji ilikotoka gari, kama ni Pemba basi Chake au Wete; aliyeikata pengine yuhai, na atakwambia alichokata bila kuficha, kwa sababu yeye hauzi.

Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ndiyo isiyo na mzaha. Lala chini. Gurudumu la nyuma likiwa halikai katikati ya tao lake, au propela shafti, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, ina kiungo cha kuchomelea, chesisi imerefushwa au imefupishwa. Mkato ulionyooka wima bila bamba la kuutia nguvu, achana nayo, hata bei iwe ya chini vipi.

Mwisho soma namba iliyogongwa kwenye chesisi, uilinganishe na ile ya kwenye kadi ya gari. Mara nyingi imefunikwa na kutu na rangi. Brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo vinatosha. Muuzaji akikukataza kupiga brashi, mrudishie funguo zake.