Mikanju ya baba: tuchome makaa au tungoje kiwanda?

SWALI: Bibi, shikamoo. Marehemu baba ametuachia mikanju, yaani mikorosho, hapa Msabaha, mingi imenizidi umri. Msimu uliopita maua yalifanya ukungu mweupe kama yaliyomwagiwa majivu, yakakauka. Korosho chache tulizookota, broka alikuja na mizani yake akatupa bei ya kututukana. Kaka yangu ataka tuite wachoma makaa. Mimi nasema tungoje, kwani kila uchaguzi twaahidiwa kiwanda cha korosho cha Kilifi kitafufuliwa. Nani ana haki kati yetu?
Mkulima, Msabaha, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Hakuna mwenye haki, ila wewe ndiwe unayenitia wasiwasi zaidi.

Kiwanda kile nakijua kwa upande wa nje. Kilijengwa miaka ya 70, nami nikiuza mahamri na mbaazi karibu na geti. Hesabu za wakubwa sikuziona, lakini nilikuwa na daftari la mkopo. Zamani watu walilipa mwisho wa mwezi bila kukumbushwa. Kisha wakaanza kulipa nusu. Kisha wawili wakawa wagawana hamri moja, na mwenye nyumba za kupanga akaja kuniuliza mimi fulani amehamia wapi. Kiwanda kikauzwa kwa watu binafsi, na miaka ya 90 haikuisha kabla milango haijafungwa. Feri ya Kilifi nayo ilikuwa imeshaondoka, daraja lilifunguliwa 1991, na wale vijana wa kuuza korosho kwenye foleni ya magari wakahamia steji. Kilifi yenyewe imepata riziki nyingine. Leo wapangaji ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani. Lakini mwanafunzi hanunui korosho ghafi ya Msabaha.

Kiwanda hakizai korosho, mwanangu. Tazama jirani zetu Tanzania. Mwaka 1973/74 walivuna tani 145,000, wakakopa, wakajenga viwanda 12. Kumbe wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa huo huo wa maua ukaingia. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa tani 16,500. Viwanda vingi vikasimama na mashine zake. Sisi nasi, 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza korosho ghafi nje, ili viwanda vya hapa vishibe. Nia nzuri, sikatai, ila mkulima asiye na wanunuzi wengi atamgombeza nani kwenye mizani?

Basi msiikate yote. Mti uliochoka hukatwa ukaachwa kisiki cha futi mbili tatu, machipukizi yakitoka yanaunganishwa na vikonyo, yaani vijiti vichanga, vya mti unaozaa vizuri. Fanyeni michache kila mwaka ili msikose mavuno kabisa. Matawi mtakayoyakata, hayo mpe kakako achome makaa yake, roho itulie. Palipo na pengo pandeni miche iliyounganishwa; ulizeni kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, pale Mtwapa. Mita 12 kati ya mti na mti, hata kama mtaona mnapoteza ardhi. Mikanju iliyobanana hukosa jua na hewa, na ukungu hupenda hapo. Salfa, dawa ya ukungu huo, hupulizwa maua yanapoanza kuchomoza. Mkingoja hadi meupe, mmeshachelewa.

Kuhusu broka: kausheni juani, tengeni mbovu, halafu muuze pamoja na majirani siku moja, mizani iwe yenu. Msibangue nyumbani kwa pupa. Mafuta ya ganda huchoma ngozi, na mikono ya akina mama walioyazoea niliijua hata kabla sijaangalia uso.

Mgombea akija tena na kiwanda chake, mkaribisheni chai. Muulize atanunua kilo kwa shilingi ngapi, na atalipa papo hapo au baada ya msimu.