Mimea ya bustani ya katikati ya barabara: angalia kwanza ardhi, kisha asili ya mmea

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kikundi chenu kimekabidhiwa ukanda wa katikati ya barabara wenye upana wa mita tatu hivi, kwamba mmepanda mara mbili na mara zote mbili mimea imekauka, na kwamba sasa mmegawanyika: baadhi yenu wanataka mimea ya asili ya eneo lenu peke yake, na wengine wanataka maua ya mapambo. Nimetunza bustani ya namna hiyo kwa miaka saba na mabishano hayo tuliyapitia sisi pia, kwa hiyo naomba univumilie nikujibu kwa kirefu.

Kabla ya kuuliza mmea umetoka nchi gani, uliza umezoea ardhi ya namna gani. Ukanda wa katikati ya barabara umeundwa na mabaki ya ujenzi. Tulipochimba kwa mara ya kwanza, baada ya waridi na nyasi tulizoachiwa na mkandarasi kufa zote katika kiangazi kimoja, tulikuta udongo mzuri wa kina cha kiganja tu, na chini yake kokoto zilizoshindiliwa, vipande vya lami na mabonge ya saruji iliyoganda. Mizizi ya waridi ilikuwa imeshuka hadi kwenye kokoto, ikapinda, ikazunguka kwa ubapa kana kwamba ilikuwa imepandwa kwenye sinia. Majani machanga yalikuwa yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na hiyo ni dalili ya mmea kukosa madini ya chuma. Saruji huufanya udongo uwe na alkali nyingi, na katika udongo wa namna hiyo mizizi hushindwa kuyafyonza madini hayo hata kama yamo. Ongeza juu ya hayo joto la lami kutoka pande zote mbili, upepo wa malori unaoyanyonya maji ya majani mchana kutwa, na vumbi linaloziba vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya majani vya kupumulia.

Ndiyo maana hoja ya wenzako wanaotaka mimea ya asili ni njema, ila haijakamilika. Sisi tulianza kwa vichaka vya asili kutoka bondeni, karibu na mto, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vikipendeza zaidi, na vilikuwa vya kwanza kufa. Vilivyosimama ni vile tulivyootesha kwa mbegu zilizookotwa kwenye vilima vya mawe, mahali ambapo udongo ni haba na jua halina huruma. Vyote vilikuwa vya asili ya eneo lile lile, lakini ni hivi vya pili tu vilivyowahi kuishi maisha yanayofanana na ya barabarani. Mfano ninaoupenda uko Uingereza: mmea mdogo wa ufukweni uitwao Cochlearia danica ulisambaa bara kwa kufuata barabara kuu, hasa ukanda wa katikati, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu wakati wa baridi iliufanya udongo wa pale ufanane na wa pwani, huku mimea mingine ikishindwa. Hakuna aliyeupanda, ulipata ardhi ya kwao.

Kuhusu neno lenyewe la asili, tuwe waangalifu, kwa maana mimea mingi tunayoiona kila siku tunadhani ni ya kwetu. Mshubiri unaouzwa kila kitalu, yaani Aloe vera, asili yake ni Rasi ya Arabuni. Bougainvillea ilitoka Amerika ya Kusini, na mjakaranda vilevile. Kwa upande mwingine, nyasi za Cenchrus setaceus zenye mashuke kama manyoya ni za asili katika sehemu za Afrika, lakini huko Hawaii na Arizona zimekuwa gugu vamizi linalochochea moto. Kwa hiyo nyasi hizo hizo zinaweza kuwa chaguo sahihi kwa bustani moja na kosa kubwa kwa nyingine. Lantana camara, kichaka cha maua kinachopandwa kwa mapambo, mimi nisingeipanda popote nje ya nchi za Amerika ya kitropiki ilikotoka, hata ikipendeza vipi, kwa sababu ndege hubeba mbegu zake na ikishaingia porini kuitoa ni kazi ya vizazi.

Mapambo yasiyo vamizi siyakatai. Katika ukanda wetu mimea ya asili ndiyo uti wa mgongo, labda robo tatu ya yote, na ya kigeni hukaa katika vituo vichache vinavyoonekana na waendao kwa miguu kwenye vivuko. Bougainvillea imetufaa sana, kwani huchanua zaidi ikinyimwa maji kidogo. Ukiikaribia utaona kwamba kile kinachong'aa ni majani maalumu ya rangi, na ua lenyewe ni kidude cheupe chembamba kama mrija kilichojificha katikati. Lakini ina miiba na hukua kwa kasi, kwa hiyo ikiwa hamna watu wa kuipogoa kila baada ya wiki chache itaninginia barabarani na kukwaruza magari. Oleanda, kichaka kingine cha maua, nayo huvumilia karibu kila kitu, ila ina sumu kuanzia mizizi hadi maua; matawi yaliyokatwa yasiachwe mahali mifugo au watoto wanaweza kuyafikia, na yasichomwe, kwa maana hata moshi wake una madhara.

Urefu ni jambo ambalo wapenda maua husahau, nami nalitilia mkazo kwa sababu linahusu uhai wa watu. Jicho la dereva wa gari dogo liko kama mita 1.1 juu ya barabara. Karibu na vivuko na mwisho wa ukanda, sisi haturuhusu mmea wowote kuzidi sentimita 60, ili mtoto anayesubiri kuvuka aonekane. Miti ya shina nene tuliiacha kabisa, kwani shina likizidi kipenyo cha sentimita 10 huhesabiwa kuwa kizuizi kigumu kwa gari lililoacha njia. Tuliacha pia vichaka vyenye matunda, baada ya kuokota ndege waliogongwa wakirukia matunda hayo.

Mjiandae kwa malalamiko. Mimea ya asili mwaka wa kwanza hujenga mizizi, juu huonekana dhaifu, na wapita njia wakatuambia tunafuga magugu. Tulichofanya ni kukata ukingo ulionyooka, upana wa sentimita 30, pande zote mbili, na kuutandika changarawe. Malalamiko yalikoma, ingawa mimea haikubadilika. Changarawe ni bora kuliko majani makavu, ambayo hupeperushwa na malori na yanaweza kushika moto kwa kipisi cha sigara.

Kwa sasa msinunue mche wowote. Chimbeni shimo la sentimita 60 katika sehemu tatu tofauti, mlijaze maji, mwangalie kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, itabidi mpasue tabaka lililoshindiliwa na kutoa kifusi kabla ya kupanda. Mkimaliza kujaza udongo, uso wake ubaki chini ya ukingo wa zege kwa sentimita tano hivi, vinginevyo mvua ya kwanza itaumwaga barabarani. Niandikie mlichokuta katika mashimo hayo na mvua zenu hunyesha miezi gani, nami nitakusaidia kuchagua mmea mmoja baada ya mwingine.